Mizani ya Hayma

Jumapili, siku ya kupima watoto.
Ukungu haujainuka juu ya Jidda,
mbuzi wanalamba umande kwenye mawe,
na pikapu la Nuweira binti Sughair linatokeza
baada ya kilomita tisini na saba za changarawe,
yeye mwenyewe usukani,
mtoto kafungwa ndani ya kikapu cha ngozi
ubavuni mwa pipa tupu.
Safari moja, haja mbili: maji na sindano.
Maji kwanza, ananiambia. Sindano haikimbii.

Kwenye kaunta twasema Kiarabu, fomu inakijua.
Akimwinamia mwanawe anarudi kwenye lugha ya kwao,
ya Waharasi, waliokuwa hapa kabla ya lami na bomba la mafuta;
nami nikihesabu matone ya chanjo nahesabu Kiswahili,
moja, mbili,
kwa sauti ya bibi yangu wa Wete.
Fomu ina kisanduku cha lugha. Kimoja.
Natia alama. Tunapita.

Mtoto ananing'inia kwenye ndoano, ananikodolea macho bila haya.
Washairi wa kwetu huhesabu mizani kwa vidole;
yangu ina sindano nyekundu, na leo inatikisika,
inatikisika, inatua:
kilo tano kasorobo.
Miezi minne.
Mstari wa kijani umepita juu,
yeye ni nukta ya wino huku chini, peke yake.

Hotuba naijua kwa moyo.
Kula ini, kula mchicha (mchicha, hapa!),
usinyanyue kizito, pumzika.
— Vidonge vya chuma umekunywa?
— Vina ladha ya msumari.
— Umekunywa?
— Nilimpa mbuzi mwenye mimba. Kazaa pacha.

Nacheka mpaka daktari anachungulia mlangoni.
Kisha nashusha ukope wake kwa kidole gumba
na kicheko kinanikauka:
ndani hamna wekundu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, twasema.
Wa mzazi, je, anaujua nani?
Alijifungua alfajiri kando ya mgunga,
mkwewe kamulika kwa tochi ya simu,
damu ikanywewa na mchanga, hakuna aliyeipima.
Arubaini? Siku ya tisa
alikuwa juu ya lori la maji, kashika mpira.

Naweka kalamu.
Namuuliza lile ambalo fomu haikuuliza:
unalala?

Anavuta muda. Anamfuta mtoto udenda kwa ncha ya ushungi.
— Usiku nalisikia pipa likiwa tupu.
Hata likijaa, nalisikia.

Basi nikapiga simu ofisi ya maji.
Wakanipeleka kwa huyu, huyu akanipeleka kwa yule,
nikapandisha sauti, ile ya bibi akigombana na muuza samaki,
mpaka mtu akaandika mahali fulani: lori, kila Jumatano,
hadi kambini kwa binti Sughair, hadi kambini, si hadi barabarani.
Vidonge, tukapatana, atameza na maji ya ndimu kavu,
chai ingoje, maziwa yangoje,
na mbuzi atafute daktari wake.

— Kitovu chake mmekizika? nikauliza, sijui kwa nini.
— Chini ya mgunga, asipotee. Na chako?
Cha mama yangu kiko Wete, nyuma ya jiko.
Changu kilitiwa ndoo ya hospitali, Maskati,
kikachomwa pamoja na pamba.
Hakusema pole. Alinitazama
kama mtu anayehesabu mifugo na mmoja haonekani.

Alipokwisha kumfunga mtoto akanielekeza kwa kidevu
kwenye mizani ya wakubwa, pembeni.
Panda.
Nikavua viatu, nikapanda, mimi ninayepima wengine mwaka wa kumi na moja.
Akainama, akaisoma namba kwa sauti, kwa lugha yake,
polepole, kama anayempa mtoto jina.

Sikutazama chini.
Hata leo sijui ilikuwa ngapi.